Uma wa Mbele

Wazee wa garaje waliuita furshi, sisi tunasema uma,
na kweli unauma:
ukielekea Sake nao umekauka ndani
kila jiwe linapanda kukusalimu kwenye viwiko.

Yamaha hii ni ya Kahindo, muuguzi wa chanjo.
Aliileta saa tisa, helmeti bado kichwani.
"Kesho alfajiri nina sanduku la kupeleka Ngungu.
Barafu haijui kusubiri."
Hakuniuliza kama nina vifaa.
Sikumwambia kwamba boksi langu liliondoka Jumanne
na mtu aliyeujua vizuri mlango wangu.

Kilichobaki: bisibisi iliyolika ncha,
alen namba nane, iliyolala mfukoni usiku ule,
nyundo. Hapana, kichwa cha nyundo.
Na kwa kuwa hapa ni Ndosho, mawe.

Jiliwa sina, ila ukuta wa jirani
umepangwa kwa mawe ya volkano, bila saruji,
na katikati ya mawili kuna upenyo
unaobana bomba kama mlango unavyobana kidole.
Nikaviringisha kitenge kikuukuu, nikasukuma.
Likashika.

Kizibo cha juu kinadai kle ya pembe sita, kumi na saba.
Nikatafuta bulon yenye kichwa cha kumi na saba,
nikaiingiza kichwa chini miguu juu,
nikaipandisha nati mbili, nikazikaza mgongo kwa mgongo
hadi zikanuniana kama ndugu wanaogombea kiwanja,
na kwa nguvu ya ugomvi wao kizibo kikazunguka.
Usiudharau ugomvi. Una kazi yake, ukipata mahali pake.

Mafuta yakatoka, kama ni mafuta:
uji mweusi,
harufu ya sambaza waliosahauliwa juani.

Sasa chini. Bulon ya ndani.
Ninaizungusha, na kifimbo kilichomo kinazunguka nayo.
Ninaizungusha, kinazunguka nayo.
Umewahi kubishana na mtu anayekubali kila neno?
Ndiyo, kaka. Kweli, kaka. Ni hivyo hivyo, kaka.
Mtu huyo humfungui.
Lazima kitu kimshike kwa ndani
ili apate kukataa.

Saa mbili usiku. Umeme umekwenda,
taa ya simu ina asilimia kumi na moja.
Nikaliona fagio la Mama Katungu limeegemea ukuta.

"Fagio langu?"
"Mpini tu, mama."
"Na fagio bila mpini linaitwaje?"
Sikuwa na jibu. Alinipa hivyo hivyo, kisha akasimama karibu
kama msimamizi wa harusi asiyemwamini bwana harusi.

Nikauchonga kama penseli ya darasa la kwanza,
nikaushusha ndani ya bomba, kule nisikoona,
nikaugonga kwa jiwe, mara tatu.
Mti ukauma chuma.
Katungu mwenyewe akaushika kwa mikono miwili,
mikono inayosonga ugali wa watu kumi na mmoja.
"Zungusha," akasema.

Tak.

Sauti ndogo. Siwezi kuieleza
kwa mtu asiyewahi kuisubiri.

Mengine yalikuwa rahisi, yaani magumu ya kawaida:
pete ya waya niliing'oa kwa ujiti wa mwavuli,
sili mpya nikaipigilia kwa kipande cha bomba la maji,
mafuta nikayapima kwa chupa ya kunyonyeshea,
mia moja hamsini kila mguu,
na mwenye chupa, ana miezi tisa,
alinitazama mwanzo mpaka mwisho bila kupepesa.

Kahindo alifika kabla ya kengele ya parokia.
Akaukandamiza usukani mara mbili.
Uma ukashuka, ukapanda, polepole,
kama mtu mrefu anayeinama kumsikiliza mfupi.
Akafunga sanduku kwa kamba za mpira, akaondoka.

Mama Katungu anafagia. Mpini umepungua shubiri,
kwa hiyo anainama zaidi,
na kila akiinama ananitazama.

Mfukoni mwangu kuna rondela moja.
Nimeihesabu mara nyingi, ni moja.
Sijui ilitoka wapi.
Barabara ya Ngungu ni ndefu,
na mawe yake nayajua, karibu yote.